UZI: Mke na mume mkishuka Maskati kwa siku moja tu, msikimbizane na basi la meli. Bakini Matrah

Baharia_wa_Chongoleani

Wakuu, salaam.

Kila ukiingia msimu wa meli za kitalii huku Ghuba, Oktoba mpaka Aprili hivi, naona swali lilelile: "Tunapanda meli Dubai mimi na mke wangu, inatua Maskati siku moja, tufanye nini?" Majibu mengi ni orodha ya vituo kumi, kila kimoja dakika tano na picha moja. Mimi na mke wangu tulishuka Maskati msimu uliopita na nina msimamo wangu kuhusu jambo hili, hasa kwa sisi watu wa pwani. Naandika kwa urefu.

Kwanza mjue mnafikia wapi. Meli inafunga gati Bandari ya Sultan Qaboos, iliyoko Matrah. Miaka ya nyuma hapo ndipo makontena yalipokuwa yakishushwa. Mwaka 2014 mizigo ya biashara ikahamishiwa Sohar na bandari ikaachiwa watalii. Ndani ya bandari hamruhusiwi kutembea kwa miguu. Kuna basi la bure linawachukua chini ya ngazi ya meli na kuwaacha getini, na mkitoka getini tayari mko mjini. Soko la samaki liko jirani, barabara ya ufukweni imepinda mbele yenu, na soko kuu la Matrah ni mwendo wa robo saa kwa hatua za taratibu.

Sasa hapo getini ndipo siku ya watu wengi inapoharibika. Madereva wa teksi wamejipanga, kila mmoja anakutajia bei ya kuzunguka mji mzima: Msikiti Mkuu, jumba la opera, kasri, soko, halafu mnarudishwa. Melini nako mmeshauziwa mzunguko huohuo kwa bei ya juu zaidi, tena kwa kichwa. Sina ubishi na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Ulifunguliwa 2001, na zulia la ukumbi wake mkubwa lina ukubwa wa mita za mraba 4,343 na uzito wa tani 21, limefumwa kwa mikono na wanawake wa Iran kwa miaka minne. Mwenye siku tatu Maskati na aende, tena akae. Lakini uko Ghubra, kama kilomita 20 kutoka bandarini, na wageni wasio Waislamu wanaruhusiwa saa 2 hadi saa 5 asubuhi tu, Jumamosi mpaka Alhamisi. Maana yake mabasi yote ya meli yanafika kwa wakati mmoja. Mkienda, mkapanga foleni, mkarudi, asubuhi imekwisha na jua limewaka.

Sisi tulikubaliana usiku ule tukiwa bado baharini: tutabaki Matrah na Maskati ya zamani, basi. Yeye alitaka soko, mimi nilitaka ngome, na vyote viko kwenye ufukwe mmoja.

Tulianza na samaki. Jengo la soko ni jipya, la 2017, limesanifiwa na Wanorwe wa Snøhetta, lina paa la vipande vyembamba linalopitisha hewa na kivuli chenye mistari. Lakini kilichotushika ni kazi ya ndani. Samaki unamnunua kwa mvuvi, halafu unambeba mwenyewe mpaka kwa wakataji, ambao unawalipa mbali. Tulisimama mbele ya mkataji mmoja aliyeletewa jodari mkubwa. Alipitisha kisu nyuma ya shavu, akakilaza, akafuata uti wa mgongo mpaka mkiani bila kuinua mkono hata mara moja. Ubavu mzima ukaanguka upande, mwekundu umekoza, na kwenye mfupa hakukubaki nyama ya kulisha paka. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwa wavuvi, na sijaona mkono mwepesi namna ile. Nguru walikuwapo wa kutosha, papa wadogo, changu, ngisi. Nendeni mapema, kabla ya saa 4.

Kutoka pale mnafuata ufukwe. Nyumba nyeupe za zamani upande mmoja, bahari upande mwingine, na milima ya mawe makavu ya rangi ya kahawia imeuzunguka mji kwa nyuma. Magorofa marefu hamtayaona, kwa sababu sheria zao za ujenzi haziruhusu. Juu ya mwamba iko Ngome ya Matrah, mojawapo ya ngome ambazo Wareno walizijenga au kuziimarisha miaka ya 1580.

Wareno waliiteka Maskati mwaka 1507. Mji ukabaki mikononi mwao mpaka Januari 1650, alipowatoa Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Habari zikafika kwetu. Watu wa Mombasa, waliokuwa wakikandamizwa na Mreno yuleyule, wakapeleka ujumbe Oman kuomba msaada. Matokeo yake mnayajua: mzingiro wa Ngome ya Yesu ulioanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698, miezi 33 ya njaa na maradhi. Kwa hiyo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akisimama chini ya ngome ile anatazama mwanzo wa mambo yaliyompata babu wa babu yake. Mwongozaji wa basi la meli hatakwambia hilo, maana hajui umetoka wapi.

Mchana tulipanda basi la Mwasalat, yale mabasi ya umma ya kule, kwenda Maskati yenyewe, ule mji wa zamani nyuma ya mlima. Kasri la Al Alam, la mwaka 1972, lina nguzo za buluu na dhahabu, na huingii ndani, unaliangalia kwenye lango. Utamu uko pembeni yake: ngome mbili za Kireno, Jalali na Mirani, zimekaa juu ya miamba kila upande wa ghuba ndogo, na kasri katikati. Meli ya adui ingeingia vipi hapo? Kwenye miamba ya ghuba ile kuna majina ya meli yaliyochorwa na mabaharia wageni kwa vizazi na vizazi. Mimi niliyefanya kazi bandarini nilikaa kuyasoma mpaka mke wangu akaja kunishika mkono.

Mji huu ulikuwa na malango, na mpaka kabla ya 1970 yalifungwa usiku, na ukitembea gizani lazima uwe na taa mkononi. Mtu aliyezaliwa wakati huo bado yuko hai, anaendesha gari yake kwenye lami ileile.

Habari za soko kuu namwachia mwenyewe, yumo humu ndani.

---

Bi_Wete

Assalamu alaykum jamani. Mie ndiye mke wa huyo bwana, na soko ni langu.

Soko la Matrah zamani likiitwa soko la giza, kwa vile vichochoro vyake vimeezekwa juu na jua halifiki. Sasa kuna taa kila mahali. Ukiingia kwa mlango wa ufukweni, maduka ya mwanzo ni ya vitu vya watalii: vishikio vya funguo, sumaku za friji, ngamia wa kitambaa. Msisimame hapo. Ingieni ndani, pindeni, mpaka muone wenyeji wananunua.

Nilikwenda kwa ajili ya ubani. Ubani mzuri wa Oman hutoka Dhofar, kusini. Mti hukwaruzwa gome, utomvu unachuruzika na kugandia pale pale, kisha hurudiwa kukusanywa. Nilifika kwenye duka moja la mzee, magunia wazi yamepangwa kwa rangi: manjano iliyokolea yenye vumbi la magome, manjano nyepesi, nyeupe, na mwisho ule wa kijani chepesi, unaong'aa kama barafu. Nikamuuliza tofauti. Hakunijibu kwa mdomo. Akachukua punje ya kwanza akaiweka kwenye chetezo, moshi ukatoka mzito, wa kukereketa koo kidogo. Akaukung'uta, akaweka punje ya kijani. Moshi mwembamba, una harufu ya ndimu na msonobari, na nguoni ulibaki mpaka tumerudi melini. Halafu akanishikisha punje, akanionyesha niitazame kwenye taa: iliyo safi inapitisha mwanga. Hiyo ndiyo wanaiita hojari. Nilinunua kidogo ya hiyo, na ya manjano nyingi kwa kufukiza nyumba.

Sasa la haluwa. Sisi Wapemba haluwa tunaijua, wanga, samli, sukari, iliki, zafarani, mtu anakoroga sufuria mpaka mabega yanamuuma. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, mbele yangu bibi mmoja wa Kiomani na wajukuu wawili, abaya nyeusi, vizuri kabisa. Mdogo akawa anavuta vuta bakuli za udongo pale juu ya meza. Bibi akamwambia: "We mtoto, hebu tulia, utavunja vya watu!" Kwa lafudhi ya Unguja mjini, ya kwetu haswa.

Nikampa shikamoo. Akageuka, akasema marahaba kabla hajaniona vizuri. Akaniuliza kwetu wapi, nikamwambia Wete, akasema yeye amezaliwa Malindi, Unguja, wakaondoka yeye bado msichana mdogo. Akanishika mkono, hakuniachia tena. Aliniambia nisichukue haluwa ya kwenye sanduku la nakshi, nichukue ya bakuli, ile nyeusi ya sukari guru, kwa vile inakaa muda mrefu. Akamwambia muuzaji kwa Kiarabu, akanilipia. Nikakataa, akanikaripia kama anavyomkaripia mjukuu: "Nyamaza. Mtoto wa nyumbani halipi mbele yangu."

Tulikaa kwenye benchi la nje, tukanywa chai ya maziwa. Akaniuliza kama mkate wa kumimina bado unauzwa barabarani. Akaniuliza mambo ya Forodhani. Sikujua yote, mie ni wa Pemba, lakini nilimjibu niliyoyajua. Huyo bwana wangu alikuwa kwenye duka la majambia, alipokuja akakuta tumeshakuwa ndugu.

Kina dada, mavazi: mkono mrefu, sketi au suruali pana inayofika chini, na mtandio kwenye mkoba. Hakuna atakayekufukuza sokoni ukiwa kichwa wazi, lakini ni mji wa watu wenye haya na utajiona umestirika.

---

Kijana_wa_Makumbusho

Mkuu na shemeji, huu uzi nimeusoma mara mbili. Swali: mimi na mchumba wangu tunatoka Dar, si wakaazi wa Dubai. Viza inakuwaje?

---

Baharia_wa_Chongoleani

Mkuu, hili ni la kuwa makini nalo. Abiria wa meli anayeshuka Maskati mchana na kurudi jioni kwa kawaida hashughulikiwi kama mtu aliyeshuka uwanja wa ndege. Taratibu zinafanywa na kampuni ya meli na unashuka na kadi yako ya melini na kitambulisho. Ila kanuni zinategemea pasipoti, kwa hiyo uliza kampuni kwa maandishi kabla hujalipa, na jibu lao litunze.

Kikubwa zaidi ni viza ya Emirates. Meli ikienda Oman ikarudi Dubai, umetoka nchi na umeingia tena. Viza ya kuingia mara moja itakuletea shida hata kama hukushuka melini. Omba ya kuingia mara nyingi. Tulikuwa na familia moja kutoka nyumbani iliyozuiwa kupanda kwa sababu hiyo, watoto wamebeba mabegi yao mgongoni. Iliniuma sana kuona.

Na saa: Oman na Emirates wanatumia saa ileile, hamna shida. Lakini kama safari yenu inapita Doha pia, Doha iko nyuma kwa saa nzima. Fuateni saa ya meli. Muda wa mwisho wa kurudi melini unaandikwa kwenye ngazi wakati wa kushuka, upigeni picha.

---

Mzee_wa_Kaole

Bwana Baharia, nimekusoma kwa heshima. Lakini umetuandikia habari za ngome, Mreno na ukombozi, ukanyamaza kuhusu misafara iliyoishia Bagamoyo. Hao waliotusaidia Mombasa ndio waliotawala Zanzibar, na soko la watumwa Mkunazini lilikuwa chini yao. Sisi tuliozaliwa Kaole hatuwezi kusimama mbele ya kasri la Maskati tukasema "hapa ni nyumbani" kirahisi hivyo. Haluwa ni tamu, sikatai. Nasema tu uzi haujakamilika.

---

Baharia_wa_Chongoleani

Mzee wangu, shikamoo. Umesema kweli na nakushukuru, hili linastahili kuandikwa wazi.

Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na mashamba ya karafuu yaliyomtajirisha yalilimwa na watumwa. Waliofika sokoni Mkunazini walitoka bara, mpaka kandokando ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, na wengine walipakiwa tena majahazini kwenda Arabuni. Soko lilifungwa 1873 Seyyid Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, tena kwa kusukumwa. Utumwa wenyewe ukakosa nguvu ya kisheria Zanzibar mwaka 1897. Oman ulidumu mpaka 1970. Kwa hiyo wako Waomani weusi leo ambao hawakurudi kutoka Unguja na masanduku yao baada ya Mapinduzi ya 1964. Mababu zao walipelekwa kwa kamba miaka mingi kabla.

Hilo nalo ni sababu yangu ya kusema mtu wa pwani asizungushwe na basi. Akisimama kwenye gati la Matrah ajue kwamba majahazi ya kaskazi yalitoka hapa na kwingineko Oman, yakarudi na kusi, na kilichobebwa kurudi hakikuwa karafuu na pembe pekee. Mimi sikusimama pale kwa furaha tupu. Nilipokuwa natazama ghuba ile nilimfikiria mtu aliyeshushwa pale hajui yuko wapi. Mke wangu aliniuliza mbona umenyamaza, nikamwambia, na tukaongea hilo njia nzima kurudi Matrah. Wana ndoa wengi hawapati siku ya kuongea jambo zito bila simu ya kazi kulia. Sisi tuliipata pale.

---

Maskati_Seeb

Assalamu alaykum nyote. Mimi naishi Maskati, nimezaliwa hapa, mama yangu ni wa Ng'ambo, Unguja. Niongeze machache.

Walioondoka Zanzibar baada ya Januari 1964 hawakuja wote Oman moja kwa moja. Oman ya wakati ule ilikuwa imefungwa, shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi walikwenda Dubai, Kuwait, Misri, Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 akawaita Waomani walio nje warudi kuijenga, na hawa wa Zanzibar walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza. Wakaingia wizarani, mashuleni, hospitali, kwenye mafuta. Nyumbani wakaendelea na Kiswahili. Kwetu baba alisema Kiarabu mezani, mama Kiswahili, na ugomvi wote ulikuwa kwa Kiswahili.

Mzee wa Kaole amegusa jambo ambalo hata hapa tunaliongea kwa sauti ndogo, na mimi naona tuliongee. Nimesoma darasa moja na watoto wa pande zote mbili za historia hiyo.

Kuhusu siku yenu: mngesogea kidogo jioni mngekula mishkaki ya mkaa barabarani. Ni chakula cha watu hapa, kijana na mzee. Na kofia zetu, kumma, zile za kushona kwa mkono zenye vitundu, ukitaka kujua ya mkono igeuze ndani: nyuzi za mashine zinafanana zote, za mkono kila kitundu kina uso wake. Ya mkono mtu hukaa nayo miezi, ndiyo maana bei yake iko juu. Anayekuuzia "ya mkono" kwa bei ya chipsi anakuuzia ya mashine.

Na Bi Wete, bibi wa namna hiyo utawakuta wengi. Wanakaa kusubiri mtu wa kuwaletea habari za kule.

---

Bi_Wete

Kaka yangu wa Seeb, umenitoa machozi. Alinipa namba yake. Nampigia kila Ijumaa. Tulipokwenda Unguja kwa arusi nikapita Malindi, nikampigia video, akaniongoza yeye mwenyewe kwa simu: pinda kushoto, mbele kuna msikiti, mlango wa nyumba yetu ulikuwa na shaba. Mlango upo. Shaba zimebaki chache.

---

Mkaazi_wa_Kibokoni

Hapa kwetu Mombasa twaliona jambo hilihili kwa upande wa pili. Meli zikitia gati Kilindini, mabasi yanajipanga asubuhi mapema, abiria wanabebwa moja kwa moja Tsavo kutafuta ndovu, wanarudi jioni wamechoka, meli inaondoka. Mji wa Kale hawakuuona. Ngome ya Yesu, iliyoanzwa 1593 na ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2011, wanaipita dirishani kama waliiona kabisa. Msikiti wa Mandhry, wa karne ya 16, uko hatua chache kutoka pale. Wauza kahawa chungu na kashata wanakaa na mabuli yao yamejaa.

Nawaambia jamaa wote walio na ndugu wanaokuja na meli: wawili wakishuka wakae mjini. Waingie ngomeni asubuhi, watembee Kibokoni na Ndia Kuu, wanywe maji ya madafu, wale viazi karai, warudi melini kwa tuktuk. Pesa itabaki kwa watu wa mtaa. Hili la Baharia nalitia mkono wote.

---

Dada_wa_Sharjah

Jamani asanteni. Sisi tumeshakata tiketi ya Januari, mimi na mume wangu, ni miaka kumi ya ndoa. Nimeangalia ratiba, meli inatua Maskati siku ya Ijumaa. Sasa soko si litakuwa limefungwa? Nimekosa raha kabisa.

---

Maskati_Seeb

Dada, usikose raha, hongereni kwanza kwa miaka kumi.

Ijumaa asubuhi soko la Matrah karibu lote limefungwa, hilo ni kweli, na hata siku nyingine maduka mengi hufunga kuanzia saa 7 mchana mpaka saa 10. Angalieni meli inaondoka saa ngapi. Kama ni usiku, hamjapoteza kitu: mnageuza siku juu chini. Asubuhi tembeeni ufukweni mpaka Riyam, kule kwenye chetezo kikubwa juu ya kilima, kabla jua halijapanda. Kisha Maskati ya zamani, ngome mbili na yale majina ya meli aliyoyasema Baharia. Kwenye Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa 2016 mbele ya kasri, ulizeni saa zao za Ijumaa kabla ya kwenda. Mume wako kama ni wa kuswali, adhana ya Ijumaa ikiadhiniwa misikiti iko kila mtaa, na wewe utapata sehemu ya wanawake kwenye ile mikubwa. Mle samaki mchana, mpumzike. Saa 11 jioni soko limefunguka na wenyeji wote wametoka na watoto wao, ndio wakati wake mzuri kuliko asubuhi.

Kama meli inaondoka saa 12 jioni basi soko mtaliona kwa nusu saa tu. Hapo nisingewashauri mlikimbilie. Niandikieni kwa ujumbe wa ndani wiki moja kabla, mama yangu anapika Ijumaa, na nyumba yetu inajua kupokea watu wa kwao.

---

Dada_wa_Sharjah

Ratiba inasema saa 3 usiku. Nakuandikia sasa hivi, kaka. Na Bi Wete, nitumie rangi ya huo ubani kwa picha nisije nikauziwa magome.

---

Bi_Wete

Nimekutumia. Chukua punje mbili, moja ya kwenye gunia na moja ya kwenye mfuko uliokwisha fungwa, uzitazame zote kwenye taa. Zisipofanana usinunue mfuko huo.